Ufunguo wa Pili wa Kigango

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya mvua, na kwa sababu ya ufunguo uliokuwa mfukoni mwangu. Jana waumini wamekuchagua uwe mtunza ufunguo wa kigango chetu cha Kikatoliki hapa Lusu, nami nimefurahi hata chai ikanipoa mkononi. Lakini kaa kwanza nikuambie nilivyoutunza mimi nilipokuwa na umri wako. Sikuutunza vizuri.

Mwaka huo upepo wa mvua za kwanza uliezua paa lote la kanisa la Wamoravian. Mabati yao tuliyaokota kwenye majaruba ya mpunga yamekunjamana. Mzee Maganga, katekista wetu, hakusubiri kuombwa. Aliwaendea wazee wao akawaambia kwamba Jumapili sisi tunamaliza ibada saa nne, na kuanzia saa tano nyumba ni yao mpaka watakapoezeka. Padri wa parokia alilibariki jambo hilo, watu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga.

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizipamba kwa dini. Nilisema madhehebu yasichanganywe. Nilisema leo wameomba kivuli, kesho watadai nyumba. Ukweli, nakuambia wewe kwa kuwa nimezeeka na aibu imenipungua makali, ni matarumbeta yao yaliyonikera. Wamoravian na matarumbeta unawajua. Kwaya yangu ilikuwa na kayamba mbili na ngoma moja. Wao wakipuliza, hata akina mama wetu walisimamisha mchi juu ya kinu wapate kusikiliza. Wivu ukiuvalisha kanzu, mwanangu, watu hudhani ni uchaji, na wewe mwenyewe unadhani hivyo hivyo.

Basi Jumamosi asubuhi nikadandia lori kwenda Igunga, nikiaga kwamba nakwenda kumsalimu dada yangu. Ufunguo nikaenda nao kusudi, ili wakute mlango umefungwa wasali nje, wajifunze. Ulikuwa ufunguo mmoja tu, na kwamba hata ibada yetu ya asubuhi ingesaliwa nje, hilo wivu haukuniachia nilijali. Kwa dada nilikula wali kwa maziwa, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Jumamosi ileile, mimi nikiwa njiani, Mama Tabitha alifariki. Alikuwa Mmoravian, mke wa Mzee Shija, na alikuwa mkunga wa kijiji kizima. Wakatoliki, Wamoravian, na Waislamu wachache wenye maduka, wote mikono yake ndiyo iliyowapokea. Hata mimi alinipokea yeye. Mama aliniambia nilikuja kwa kutanguliza miguu, na Mama Tabitha hakutoka chumbani siku mbili.

Jumapili alasiri lori likaniteremsha barabarani, mvua inanyesha. Nikaona umati umesimama nje ya kigango. Nikadhani wanasubiri kunigombeza, nikaanza kupanga majibu. Nilipokaribia nikaona jeneza juu ya vigoda viwili chini ya upenu, na Mzee Maganga amelikingia mwavuli, yeye mwenyewe amelowa chapachapa.

Baadaye nilielezwa kwamba Mzee Maganga alileta nyundo avunje kufuli, na aliyekataa ni mfiwa, Mzee Shija. Alisema wao wamekaribishwa, na mgeni havunji mlango wa mwenyeji, hata akiwa na maiti.

Nikatoa ufunguo. Kwa haraka niliuelekeza kinyume, haukuingia tunduni. Mzee Shija akaja akanishika kiwiko.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Acha huo mlango, tumeshamsalia hapahapa. Njoo ushike jeneza, huku nyuma tumepungukiwa bega."

Unadhani hakujua? Alijua. Kijiji kizima kilijua. Laiti angenipiga.

Nikaweka bega langu. Matarumbeta yakalia mbele yetu mvuani, kwaya yangu ikaitikia bila kuamriwa na mtu, na njia nzima ya makaburini mimi nililia kwa sauti. Aliyenifungulia mlango wa dunia, mimi nilimfungia mlango siku yake ya mwisho. Waliosema majuto ni mjukuu walikuwa wananisema mimi.

Siku ya tatu ya msiba Mzee Maganga aliniita kando. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, akibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, na kila onyo lake mzee yule alilianzia huko.

"Unajua mzigo mkubwa ulibebwaje?" akaniuliza. "Ulifungwa kwenye mti, wakabeba wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Babu hakujichagulia mwenzake. Pengine hata chungu hawakuchangia. Lakini mmoja akitua ghafla kwa hasira zake, mzigo unamwangukia yule mwingine. Wewe umetua, mzigo ukamwangukia Shija."

Nikautoa ufunguo nimkabidhi, akaurudisha kiganjani mwangu.

"Sasa nenda Tabora, ukachongeshe ufunguo wa pili. Ukirudi mpelekee Shija, kwa mikono miwili."

Nikaenda. Fundi wa funguo, mzee wa Kiarabu karibu na soko, aliniuliza ufunguo wa wapi, nikajikuta nimemsimulia yote. Alianza kucheka, kisha akaacha. "Mnafungiana nyumba ya Mungu?" akasema. "Mimi Mwislamu, na imeniuma."

Mzee Shija aliupokea ule ufunguo, akaniambia kesho nije na nyundo, paa lao linaezekwa. Nilishinda juu ya paa la Wamoravian siku nne, wao wakinipokeza misumari. Toka hapo wagonjwa tunawatembelea pamoja, kisima cha shule tulikichimba pamoja, na Ijumaa Kuu msalaba unapita mabega yao na yetu. Mezani pa Bwana, kwenye komunyo, bado hatujakaa pamoja. Hilo linaniuma, na sitakudanganya kwamba nimelielewa, ninyi mtaliendeleza.

Sasa shika maneno yangu. Ufunguo si cheo, ni kazi ya kufungua. Ukimwonea mtu wivu, kiri kwamba ni wivu, usimsingizie Mungu. Na kabla hujabishana na Mmoravian juu ya mafundisho, bebeni kwanza mzigo mmoja, ndipo mtabishana kwa adabu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ya msiba wako askofu atatuma salamu, lakini kaburi utachimbiwa na jirani.

Nasikia mmenunua kufuli jipya, na limekuja na funguo mbili. Zote zisilale kwako. Mjukuu wa Mzee Shija yuko palepale kwao, nyuma ya kanisa lao. Mpelekee mmoja leo, kabla mvua haijaanza, kwa mikono miwili.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyempokea Mama Tabitha tulipomwacha nje akupe mkono mwepesi wa kufungua. Na siku utakapobebwa wewe, mabega yasipungue.