Kipandauso Changu na Chupa ya Kwinini

Nyumbani kwetu Kikula, kila kichwa kinachouma kina malaria. Ndivyo alivyoamua muuguzi jirani yetu, mtu ambaye hajawahi kulitazama hata tone la damu yangu, na mama alimwamini kuliko alivyoniamini mimi mwenye kichwa. Kwa hiyo Jumamosi niliyopaswa kusoma sura ya kwanza ya riwaya yangu mbele ya wenzangu waandishi, upande wa kushoto wa uso ulipoanza kudunda na mwanga wa dirishani kunichoma, muuguzi aliiondoa picha ya ubatizo wangu ukutani, akatundika chupa ya kwinini kwenye msumari wake.

"Ni palu tu, hii," alisema, yaani malaria. "Miye najua."

Alijua! Kwa kwinini hiyo masikio yalinivuma siku mbili. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia, sembuse kuwasomea watu sura. Wenzangu walikuja kunitazama, wakanipongeza. Kichwa cha mwandishi, walisema, lazima kiume. Hao hawajawahi kuutapikia ukurasa.

Daktari kijana wa mjini ndiye wa kwanza kunipima damu. Malaria hakuna, alisema, ni kipandauso. Nikamuuliza chanzo. Akasema wapo watafiti wanaoshuku kingamwili, walinzi ambao mwili huwatengeneza dhidi ya vijidudu: huenda kwa baadhi ya watu hukosea, wakamshambulia mwenye mwili.

"Huenda," alirudia. "Hatujui bado."

Nililipenda neno hilo. Muuguzi wetu hajawahi kulitamka.

Nilipomweleza mama, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe weye iko na mbwa ya bule! Mwizi anapita, njo anauma mwenye nyumba!"

Jumamosi nyingine nikapangiwa kusoma, na asubuhi yake kichwa kikapanda tena. Muuguzi akaingia na chupa, picha tayari mkononi.

"Pima damu kwanza," nikasema.

"Weye ni dokta sasa?"

Nilimtazama mama. Aliichukua picha mkononi mwa muuguzi na kuirudisha ukutani.

"Pima kwanza, baba. Labda ni ile mbwa yake."

Muuguzi akaondoka akinung'unika, bila kupima. Nililala gizani, kitambaa chenye maji usoni, hadi alasiri. Kisha nikaenda, nikasoma sura yote, jicho la kushoto nimelifumba.

Wenzangu walilisifu sana lile jicho. Sura, hakuna aliyeitaja.