Muhogo Usioliwa na Nguruwe

Nakumbuka siku moja ya matanga pale kwetu Kinjumbi, mwanangu, mwanamke mtu mzima alipopiga teke sufuria la chakula cha msiba mbele ya wafiwa. Wazee waliinuka wamtoe uani. Mimi nilikuwa msichana mdogo wa kuchota maji, lakini nilikuwa mfiwa pia, maana aliyezikwa alikuwa ndugu yangu, Saidi, kitinda mimba wa mama. Mwingereza aliyetutawala wakati ule ameshakwenda zake, na wengi waliokuwapo wamekwisha kufa. Hasira yangu haijafa.

Nakueleza haya kwa sababu ya jibu ulilonipa juzi. Nilikuuliza, wewe msomi wetu wa majengo, kwa nini maji ya kisima kipya yanawaumiza watoto matumbo. Ukaniambia, "Bibi, hiyo si fani yangu," ukaendelea kula wali wangu. Sikukujibu, maana hasira hasara. Leo nakujibu.

Mwanamke yule aliitwa Bi Zuhura. Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa na maneno, anajisifu, na ukikosea kusoma aya msikitini sauti yake ilikufuata kutoka upande wa wanawake. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamfundisha kila alichowafundisha wanawe wa kiume. Alijua kugawa mirathi. Alijua nyota za kupandia. Alizalisha wanawake, alitibu homa kwa majani, na alikaa Njinjo miaka mingi kwa mumewe akarudi anasema Kimatumbi kama aliyezaliwa huko. Paa lake likivuja alipanda mwenyewe akaliezeka.

Na watu walimchukia kwa hayo. Walimwambia, mtaka yote hukosa yote. Walimwambia, mshika mawili moja humponyoka. Methali nazipenda, mwanangu, ndizo zilizonilea, lakini hizo mbili nimeziona zikitumiwa kumziba mtu mdomo, na hadi leo nikizisikia natafuta kwanza nani anayezisema na anaogopa nini.

Basi mwaka mmoja nguruwe walitumaliza. Walifukua muhogo wetu wote, ule mtamu tuliouchemsha asubuhi na kuula kwa samaki. Jumbe alilalamika bomani, akaletwa bwana shamba, kijana nadhifu, na lori la miti ya muhogo ya kupanda. Akatukusanya kwenye baraza akatuonyesha namna ya kukata vipande, namna ya kuvilaza udongoni, nafasi ya mti na mti. Alijua kazi yake, siwezi kumsingizia. Akasema muhogo huu nguruwe hawauli kabisa. Watu wakafurahi.

Bi Zuhura akasimama. "Bwana, kitu ambacho nguruwe hakili, mtu atakipikaje?"

Watu wakacheka. Bwana shamba naye akacheka. "Mama, mimi ni mtu wa kilimo. Ya jikoni waulize wapishi."

"Ni mtamu au mchungu?"

"Kazi yangu ni uote."

Jumbe akamwambia akae chini, asitie pua yake katika kila chungu. Akakaa, lakini alituambia sisi wanawake njiani, "Ukizaa, msiupike kabla sijauonja." Tulimwitikia kama unavyomwitikia mtu mwenye maneno mengi, yaani tulimwitikia na kusahau.

Mvua zilizofuata zilikuwa haba. Mtama ukakauka. Muhogo ule ukasimama kijani peke yake, na nguruwe kweli walipita pembeni. Bi Zuhura wakati huo alikuwa Somanga, bintiye amejifungua, naye hakuweza kuondoka kabla ya arubaini. Mama alisubiri alivyoweza. Njaa haisubiri. Asubuhi moja aling'oa mashina mawili, akamenya, akachemsha kama tulivyozoea kuchemsha muhogo wetu. Ulikuwa na uchungu kidogo, akaufunika kwa tui la nazi. Mimi nilikula kidogo kwa sababu sikuupenda. Saidi alikula wake na wangu.

Hata jua halijapanda sawasawa, akaanza kutapika. Akasema kichwa kinamzunguka. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati kwa dresa, yule mganga msaidizi wa serikali aliyekuwa akifunga vidonda na kugawa kwinini. Nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Mama alimwambia wazi, "Mwanangu amekula ule muhogo mpya." Na dresa akajibu, akiwa anamimina dawa ya tumbo katika kikombe, "Ya muhogo mpelekee bwana shamba. Mimi natibu tumbo."

Mwanangu, mama alimpa jibu mkononi. Alimwekea kiganjani. Dresa akalitupa kwa sababu halikuwa na harufu ya dawa. Sijui kama angemwokoa Saidi, Mungu ndiye ajuaye. Lakini angeweza kusimama mlangoni akapiga kelele kwamba kijiji kizima kisiule muhogo ule. Hakufanya hivyo. Saidi alikata roho kabla ya alasiri, tukamzika kabla ya magharibi.

Sasa sikiliza jambo la sisi wenyewe, maana sitaki kuwatupia wageni peke yao. Kwetu mfiwa hapiki; majirani huleta chakula. Na mwaka ule wa njaa majirani walikuwa na nini? Walikuwa na muhogo ule ule. Kwa upendo, kwa adabu zote za msiba, wakaja nao vikapuni, wakaumenya, wakaujaza sufuria kubwa kulisha waliokuja kutupa pole. Hakuna aliyeunganisha kifo na sufuria. Dresa amesema tumbo, basi ni tumbo. Naye alikuja matangani, akakaa mkekani na wanaume akingoja kula.

Bi Zuhura alipata habari Somanga akamwacha mzazi, akaja kwa miguu. Hakumpa mtu pole. Alimshika mama mabega akamwuliza, "Alikula nini?" Mama akaonyesha sufuria kwa kidole. Bi Zuhura akachukua kipande kibichi kikapuni, akauma, akatema. Kisha akalipiga teke sufuria, maji ya moto na muhogo vikamwagika uani kote.

Jumbe alifoka kwamba amevunja heshima ya maiti. Bi Zuhura akamwambia, "Nimepunguza maiti." Akaokota kipande kingine kikapuni akampelekea dresa. "Tafuna."

Dresa akatafuna, uso ukamkunjamana, akatema. Akasema kwa sauti ndogo, "Bi, mimi sikufundishwa muhogo."

"Na kuuliza hukufundishwa?"

 Ndipo Bi Zuhura akatueleza wote kwamba bara, Wamatumbi wa Njinjo huumenya muhogo huu, huuloweka hadi ulainike, huumwaga maji yake, huuanika juani hadi uwe makopa makavu, ndipo huutwanga unga. Kwamba haufai kuchemshwa na kuliwa papo hapo. Mambo hayo yalikuwa yanajulikana mwendo wa siku mbili tatu kutoka kwetu. Yalikuwa yanajulikana! Bwana shamba alijua shina, dresa alijua tumbo, wapishi wa Njinjo walijua chungu, na ndugu yangu akafa katikati yao. Bwana shamba alirudi baadaye kukagua, akaandika kwamba mazao ni mazuri sana. Na kweli yalikuwa mazuri.

Baada ya hapo Bi Zuhura alinichukua kwake. Alinifundisha kusoma, kuzalisha, kujua udongo na majani, kugawa urithi bila kumpunja yatima. Nami nimeitwa kiherehere maisha yangu yote. Nimeitikia.

Sasa shika nasaha yangu, na usiigeuze. Sisemi daktari aache kisu akashike jembe. Chimba kisima chako cha elimu, chimba sana, ndiyo kazi uliyosomeshwa na ninajivunia. Ila ukichimba usisahau kupanda juu kuangalia nani anakunywa. Jua kitu kimoja hadi mwisho wake, na vingine vyote jua hata mlango wake ulipo. Mwenye jambo akikuletea neno lisilo la fani yako, lipokee kwanza kwa mikono miwili, kisha tafuta nani analijua, na usilale kabla hujampata. Mtu akikucheka kwamba unashika mengi, mwulize mwenyewe ameshika nini. Kutojua si aibu. Mimi nashindwa hata kuwasha simu yako. Aibu ni kujivunia usichokijua, kukifanya ukuta wa kujikinga na kilio cha watu.

Kesho asubuhi nenda kwenye kile kisima. Nenda kwa mganga wa zahanati, nenda kwa akina mama wanaochota, uliza waliochimba choo karibu ni nani.

Mungu akupe elimu yenye nafasi, akupe masikio mapana kuliko cheti chako. Akuepushe na siku ya kumpa mama mmoja dawa ya tumbo na kumnyima swali. Amina, mwanangu. Sasa niondolee sahani hii, ukalale mapema.