Kijumba cha Fundi wa Grili

Fundi wa grili wa hapa Gitothua ana vidole vinene vilivyojaa makovu ya cheche, lakini akishika kitanda cha mwanasesere utadhani kashika yai. Kila jioni huzima mashine ya kuchomelea, akaketi mlangoni na kijumba chake cha mbao, akibandika pazia la kipande cha leso, akipuliza vumbi la msasa. Juzi Ngina, muuza chai wa jirani, alichungulia akamtania, "Fundi, na hizi madirisha hujaweka grili? Wezi watakumaliza!" Kabla hajamaliza kucheka akakumbuka ule moto ulioteketeza nyumba ya fundi, na grili alizozichomelea fundi mwenyewe, majirani wakazivuta zikakataa kung'oka, mjukuu wa fundi akilia ndani. Fundi hakuinua macho. Alimpitisha mwanasesere dirishani hadi nje, akamrudisha ndani, akampitisha tena.