Nafasi ya Mama Furaha

Mwanangu, iko siku moja ya soko ninayoikumbuka kuliko nyingine zote. Ni siku ambayo mama yangu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, alikaripiwa mbele ya wanawake wenzake akanyamaza kama mtoto wa shule. Sikusimulii hili ili kumcheka. Mama alikuwa mtu mwema, na jambo alilokuwa akilifanya lilikuwa jema. Namna ya kulifanya tu ndiyo ilikuwa na kasoro, na wakati wa vita kasoro ya namna hiyo haionekani upesi.

Kwanza nikueleze soko lenyewe. Lilikuwa chini ya Katana, pale barabara inapokaribia ziwa, na lilifanyika Jumanne na Ijumaa. Nyumbani hatukuwa na kalenda, lakini ukipita kati ya safu za wauzaji uliujua mwezi. Septemba, mvua za kwanza zikianza, wanawake waliuza mbegu za maharage za rangi mbalimbali, kila mmoja akisifu mchanganyiko wa mlima wake. Januari ilileta maharage mabichi na mahindi ya kuchoma. Machi na Aprili vitu vilikuwa vichache na matope yalikuwa mengi. Juni ulikuja mtama. Kiangazi, milima ikishakauka, tuliteremka kulima mabondeni penye maji, na soko likajaa kabeji na lenga-lenga, mboga ambayo wengine huiita mchicha. Mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi ilileta mananasi, na wavuvi walileta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Kila mwanamke alikuwa na nafasi yake, nayo ilijulikana kwa jiwe bapa aliloweka kitunga chake juu yake. Hakuna mkubwa aliyewapa. Walipeana wenyewe, na mama aliweza kumwachia binti yake. Mwenye nafasi akiwa amejifungua, au akiwa kwenye kilio, majirani zake wa kulia na wa kushoto walitandika jani la mgomba juu ya jiwe lake, na hakuna aliyekaa hapo mpaka arudi.

Jirani wa mama yangu upande wa kushoto alikuwa Mama Furaha, mjane mwenye watoto wawili. Alikuwa mfupi, na kidevuni alikuwa na kovu la jembe. Yeye na mama walibishana kila siku ya soko: maharage ya nani yanaiva upesi, mahubiri ya Jumapili yalikuwa marefu au mafupi, mvua itanyesha au haitanyesha. Lakini mama alipougua homa, Mama Furaha aliuza kwanza maharage yetu, halafu ndipo akauza yake, na jioni akapita nyumbani kumwambia mama kwamba maharage yake ni mabaya, yamemchosha kuyasifu.

Vita ya pili katika nchi yetu ilitufikia wakati wa kupanda. Tulisikia risasi upande wa barabara kubwa, watu wakiwa mashambani, na kila mtu alikimbilia upande aliokuwa ameuelekea. Sisi tulifika Bukavu na kukaa mtaa wa Cimpunda kwa mjomba, wengi katika chumba kimoja, mpaka tuliposikia kwamba kumetulia kidogo. Tulirudi tukakuta magugu yamepita urefu wa maharage. Wengine pia walirudi, familia moja moja. Mama Furaha hakurudi. Aliyemwona mara ya mwisho alisema alikuwa akiteremka kuelekea ziwani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono.

Soko lilipoanza tena, mama alikata jani la mgomba akalitandika juu ya jiwe la rafiki yake. Kila siku ya soko alileta jani jipya. Mtu akitaja jina la Mama Furaha, mama alisema, "Tuache ile maneno," na uso wake ukajikunja. Ujue, mwanangu, kwetu kumzungumzia mtu aliyepotea kulikuwa karibu sawa na kutangaza kilio chake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Basi kwa kumheshimu mama, na kwa hofu, safu nzima iliacha kulitaja jina hilo. Maharage yalivunwa, mengine yakapandwa, na jani lilikuwa bichi wakati wote.

Machi alifika Mama Riziki. Alikuwa amekimbia kutoka milima ya Bunyakiri, familia moja ya Katana ikampokea na kumpa kipande cha shamba. Aliuza lenga-lenga kwenye mwisho wa soko, pale maji yote ya mlimani yalipopitia. Wanunuzi hawakufika huko kwa sababu ya matope. Jumanne moja mvua ilinyesha kwa nguvu, maji yakachukua nusu ya mafungu yake. Aliokota yaliyobaki, akaja mpaka kwenye safu yetu, akaliinua lile jani, akaliweka pembeni vizuri, na juu ya jiwe akaweka beseni lake.

Mama alimtazama kwanza kama mtu asiyeamini macho yake.

"Weye, hauone ile jani?"

"Nimeiona, mama. Nimeiweka muzuri."

"Hapa iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi?"

Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza kwa sauti. Mama alishika ukingo wa beseni akavuta, Mama Riziki akavuta upande wake. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nikashika kiuno cha mama nisijue nimvute au nimsaidie. Muuza viazi mmoja alisema, "Mutapasua beseni, halafu mukule mboga na matope," na wengine wakacheka kwa woga.

Hapo ndipo aliposema Koko Nsimire. Koko kwetu ni bibi, naye alikuwa mkongwe kuliko wote, akiuza chumvi kwa kijiko na tumbaku ya majani mwishoni mwa safu. Alikuja polepole na fimbo yake.

"Mama Bahati," alimwambia mama, kwa jina la kaka yangu mkubwa, "achilia beseni ya mutoto wa batu."

Mama aliachilia. "Koko, unajua hii fasi ni ya nani."

"Miye ninajua. Ule wa Bunyakiri anajua? Mutu wa Idjwi akipita hapa, anaona jani. Jani inamuambia nini?"

Mama alilitazama jani lile pembeni.

"Unachunga fasi, ni kweli. Yeye mwenyewe, nani anamutafuta?"

"Nimutafute wapi, Koko? Barabara yote iko na basoda na bunduki."

"Kwa kinywa," alisema Koko. "Miye nilimunyamazia mutoto wangu Mushagalusa tangu alipotea kwa vita ya kwanza. Nilisema, nikitaja jina yake nitamuua. Leo batoto ya hapa soko hawajue hata kama nilizaa mwanaume. Njo hivi unataka kumufanyia Mama Furaha?"

Nilikuwa nimeuza karibu na Koko muda mrefu, na hata mimi sikujua kwamba alikuwa na mtoto wa kiume. Mama aliinamisha kichwa. Koko akamgeukia Mama Riziki.

"Weye, kaa. Lakini si fasi yako. Kila mutu mwenye kufika hapa, utamuambia: hii ni fasi ya Mama Furaha, alikimbia na batoto wawili, ukisikia habari yake utuletee. Siku atarudi, utasimama."

"Hata mwenye kununua kafungu kamoja?"

"Hata mwenye kuuliza bei na kuenda."

Mama Riziki alilichukua agizo hilo kwa moyo wote, kupita tulivyotarajia. Alikuwa na sauti ya kuimba kanisani. "Karibu kwa Mama Furaha," aliita, "miye niko mulinzi tu. Mwenyewe alikimbia na batoto wawili. Ukimuona, umuambie mboga yake inauzika." Mama alikaa amempa mgongo siku nyingi za soko. Lakini masikio hayana mgongo wa kugeuza. Siku moja Mama Riziki alimweleza mnunuzi kwamba Mama Furaha ni mwanamke mrefu, mpole, wa maneno machache. Mama alishindwa kuvumilia.

"Murefu wapi? Ni mufupi kunipita, na iko na kovu hapa kwa kidevu. Na mupole, nani alikuambia?"

"Basi uniambie weye, mama. Miye sikumuonaka."

Ndipo mama alipoanza kumwambia. Alimweleza jinsi rafiki yake alivyotembea, alivyobishana, alivyokataa kupunguza bei kisha akaongeza konzi ya bure mnunuzi akishageuka. Kufika Mei walikuwa wakiita wote wawili, mmoja akianza na mwenzake akimalizia. Siku moja ya mwezi huo nilimsikia mama akicheka, mara ya kwanza tangu tukimbie. Na Mama Riziki, bila kutumwa na mtu, alikwenda kwa Koko kuuliza Mushagalusa alikuwaje, naye akamwongeza katika mwito wake: kijana mrefu, fundi wa kupiga mluzi, ana pengo mbele.

Kiangazi alikuja mtu mmoja na mananasi. Alitoka kaskazini ya Idjwi, ambako watu huuza zaidi Goma, lakini njia ya huko ilikuwa imekuwa ngumu. Alipomaliza kuuza alikuja kununua lenga-lenga za nyumbani kwake, akausikia mwito wote mpaka mwisho.

"Kovu kwa kidevu?" aliuliza.

"Eh, tonton," Mama Riziki alisema, akimwita mjomba kwa heshima.

"Na anapenda kubisha?"

Mama alisimama. "Anabisha juu ya nini?"

"Juu ya kila kitu. Juzi alibisha na muke wangu juu ya maji ya kupikia maharage."

"Njo yeye," mama alisema, akakaa chini kwenye vumbi.

Yule mtu alitueleza. Mama Furaha alikuwa akilima kahawa ya watu huko, mguu mmoja umevunjika na kuungana vibaya. Watoto wake walikuwa wazima. Hakurudi kwa sababu aliambiwa kijiji kimeteketea na sisi sote tumekufa njiani. Mama alimpa ujumbe wa maneno machache: "Umuambie Mama Bahati iko. Batoto yangu bako bote. Na fasi yake iko na mutu wa kuichunga."

Haukupita muda mrefu, Ijumaa moja, mtumbwi ulimteremsha. Alikuja akichechemea, Furaha binti yake amemshika bega na mdogo wake anafuata. Yeye na mama walishikana, na kwa mara ya kwanza sikuwasikia wakibishana. Mama Riziki aliliona kovu, akaanza kukusanya mboga zake. Mama Furaha akajipangusa macho, akatazama chini.

"Nani anafunga mafungu kubwa hivi? Utatufukarisha."

"Ni miye, mama. Ninatoka sasa."

"Unatoka kuenda wapi?"

"Kule kwa maji, mwisho ya soko."

"Kule haiko fasi ya mutu. Kaa."

Mama hakungoja mtu aamue. Alisogeza kitunga chake kiasi cha kiganja. Aliyefuata akasogeza chake, na mwingine, na mwingine, mpaka mwisho wa safu, ambako Koko Nsimire aliinua chumvi yake akinung'unika kwamba tunamsukuma mpaka ziwani. Palipatikana nafasi ya beseni moja zaidi. Tangu siku ile safu yetu ilikuwa imebanana, na hakuna aliyelalamika isipokuwa Koko, ambaye alifurahia kulalamika.

Sitakudanganya, mwanangu, kwamba kila jina linalotajwa humrudisha mtu. Mushagalusa hakurudi. Lakini tulipomzika Koko, miaka ya baadaye, wasichana wa sokoni ambao hawakumwona kijana huyo hata siku moja walijua kwamba alikuwa na pengo mbele na alipiga mluzi kuliko wote. Koko hakufa kama mwanamke asiye na mwana.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Mtu wako akipotea, usimfunge katika ukimya ukadhani ndiyo heshima. Mtaje kwa wapita njia, kwa kovu lake na kwa tabia zake hata zile zilizokuudhi, maana ndizo zitakazomtambulisha. Na mgeni aliyepoteza kwao akija kuketi karibu nawe, usimwone kama anayemnyang'anya aliyepotea. Mwambie alikuwa nani. Huenda akawa yeye wa kukusaidia kumtafuta.

Mungu akulinde katika majira yote, ya kupanda na ya kuvuna. Siku utakayochelewa kurudi, akupe watu watakaokutaja bila kuchoka. Na siku utakayofika ugenini mikono mitupu, akukutanishe na watu watakaosogea.