Siku Niliyofumua Namba Sita

Jamani, kuna aibu ambazo zikishapita miaka kumi mtu anaanza kuzisimulia huku anacheka, na kuna nyingine haziivi hata uzichemshe vipi, na hii yangu ni ya namna hiyo, kwa hiyo nyie chekeni tu mkitaka, ila mimi msinitegemee.

Mnajua mimi ni fundi cherehani, Itigi nzima inanijua hivyo. Miaka ile mitumba ilipoanza kushushwa stesheni kwa marobota, watu wakaacha kushonesha, kila mtu anavaa suruali ya kafa-Ulaya, na kazi yangu ikabaki kupunguza viuno na kukunja pindo. Fundi asiye na kazi mdomo wake ndio unafanya kazi. Barazani kwangu ndipo walipokuwa wanakutana mashabiki wa timu yetu, pale Mama Neema alipouza chai, na ukutani nilitundika ubao mweusi ambao kila Alhamisi tuliandika kikosi kwa chaki. Msidhani ilikuwa mchezo. Mpira tulinunua sisi kwa michango, jezi tulichagua sisi kwenye marobota na namba nikashona mimi bure, kwa hiyo kocha wetu, Mwalimu Msengi wa shule ya msingi, akija Alhamisi jioni alisoma ubao, akakuna kichwa, na mara nyingi alipanga vilevile.

Sasa namba sita wetu alikuwa Yona. Yona ni mtu wa Kinampanda, alikuja Itigi kufanya kazi kwenye gengi la reli, wale wanaotengeneza njia ya treni, na kwa miaka minane tulikula sahani moja, mkewe na mke wangu wanaazimana mpaka chumvi. Mimi alikuwa ananiita "Fundi wangu," hivyo hivyo, kama vile mafundi wengine ni wa watu wengine. Mwaka ule walipopunguza watu reli, jina lake likawemo. Siku moja akiwa amekaa kwenye benchi langu akaniambia kwamba sasa hivi mahali pekee ambapo watu bado wanalitaja jina lake ni uwanjani. Aliniambia mimi, wala si mtu mwingine. Nataka mlikumbuke hilo.

Tulikuwa tumetoka sare mechi tatu mfululizo, bila kwa bila, na mbele yetu kulikuwa na Manyoni, Jumapili, kwetu. Barazani moto ukawaka. Wengine wakasema tatizo mawinga, wengine wakasema mshambuliaji anaogopa mabeki, na mimi (ambaye mpira niliuachia darasa la saba) nikasema tatizo ni kiungo. Nikaeleza kwa chaki na mishale. Nikasema Yona anakaa tu mbele ya mabeki, anapokonya, anatoa pasi ya hatua tatu, basi, hapandi, hapigi shuti, na mpira wa siku hizi unataka viungo wanaoshambulia. Mama Neema akauliza timu ambayo haijaruhusu goli mechi tatu tunaitafutia ugonjwa gani. Nikamwambia chai yake imepoa. Watu wakacheka, na mimi kicheko cha watu kilikuwa kinanipanda kichwani haraka kuliko pombe, basi nikaongeza kwamba kama Yona ni kiungo, basi cherehani yangu ni treni. Baraza lote likaanguka kwa kicheko. Nikiwa bado nafurahia sauti ile, nikafuta jina lake kwa mkono wa shati langu, nikaandika la Haruni.

Haruni alikuwa kijana wa Tabora, niliwahi kumwona mara moja tu kwenye mechi ya mazoezi, akapiga shuti moja likagonga mwamba. Shuti moja! Nikamtumia ujumbe kwa konda wa treni, jibu likarudi kwamba atakuja Jumapili kwa treni ya asubuhi. Mwalimu Msengi alipofika akautazama ubao muda mrefu, akaniuliza kama Yona ameambiwa. Nikajibu nitamwambia mwenyewe.

Sikumwambia. Ijumaa niliona aibu, Jumamosi nikajifanya nina kazi. Jumapili asubuhi nikachukua jezi ya Yona, nikafumua namba sita, nikaihamishia kwenye jezi nyingine iliyobana, maana Haruni alikuwa mwembamba kama ufito, na kwa haraka nikaipiga bandi tu, mishono mirefu ile ya kushikizia, nikijisemea itatosha kwa dakika tisini.

Nilichokuwa sijui ni kwamba baba yake Yona alikuwa amefika kutoka Kinampanda tangu jana yake. Mzee alisikia mwanawe amepoteza kazi, akaja kumpa moyo, na Yona akamwambia usiondoke baba, kesho nacheza, hujawahi kuniona nikicheza. Kwa hiyo walikuja wawili, mzee na koti lake na fimbo, Yona na viatu vyake vya mpira begani, wakapita barazani kwangu kama kawaida kusoma ubao. Mimi nilikuwa ndani. Niliwaona kupitia dirishani. Yona alisoma mara moja, akasoma tena kuanzia juu, kisha akamshika baba yake mkono wakaenda zao uwanjani. Nilibaki ndani nikisubiri wafike mbali.

Treni ya asubuhi haikuja asubuhi. Saa nane haikuja, saa tisa haikuja, Manyoni wameshapasha misuli, na wachezaji wetu wako kumi, maana wa akiba mmoja alikuwa na homa na mwingine alikwenda msituni kurina asali. Mwalimu Msengi akanivuta pembeni, akaniambia niende kumwomba radhi Yona, kwa kuwa kumfuta nilimfuta mimi.

Nikaenda. Nikamwamkia mzee, shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Nikaanza kuzunguka, oh treni, oh tulikuwa tunajaribu mfumo, oh wewe ni mwenzetu. Yona alikuwa anaitazama ile jezi mkononi mwangu.

"Namba yangu umeifumua mwenyewe, Fundi," akasema. "Leo cheza nayo."

Mzee akanitazama, akamgeukia mwanawe, akauliza taratibu, "Huyu ndiye yule rafiki yako unayenisimuliaga?"

"Ndiye, baba."

Hapo ningepiga magoti yangekwisha. Ningesema nimekosa, na najua Yona angevaa viatu, maana moyo wake naujua. Lakini mashabiki walikuwa wanatuangalia, na mimi niliyechora mishale ningepigaje magoti? Nikageuka. Nikamwambia Mwalimu kwamba Yona amekataa (uongo wa kwanza wa siku ile, na mbaya kuliko wote, maana radhi yenyewe sikuiomba). Mwalimu akanitazama kwa macho ya kumtazama mwanafunzi aliyeibia mtihani, akasema, "Kiungo umekipanga wewe, na jezi unayo. Vaa."

Watu wakashangilia. Walidhani ni utani, hata mimi nilidhani, mpaka nikajikuta nyuma ya kichaka naingiza tumbo la miaka thelathini na minane kwenye jezi niliyoiandaa kwa ajili ya ufito.

Mpira wenyewe sitausimulia sana. Katikati palikuwa wazi kama uwanja wa mnada. Kiungo wao alinipita mara ya kwanza nikiwa bado nampa maelekezo beki wetu, likawa goli. Mara ya pili niliinama kumzuia na bukta ikapasuka nyuma, mshono niliopiga mimi mwenyewe, na nusu iliyobaki nilicheza mkono mmoja umeshika bukta. Baraza lote lile lililonichekea Alhamisi sasa lilikuwa linanicheka, na mtu mmoja akapaza sauti akiuliza treni ya cherehani inatoka saa ngapi. Kumbe treni yenyewe ndiyo inaingia. Uwanja wetu uko jirani na reli, ikasimama pale, abiria wamejaa madirishani, na Haruni akashuka na viatu shingoni. Akatazama uwanja, akamuuliza muuza asali matokeo, akaambiwa manne. Akapanda tena. Treni ikaondoka naye.

Yalikuwa matano mpaka mwisho. Namba sita ilidondoka mgongoni sijui dakika ya ngapi, sikuisikia. Nilikuwa nimekaa chini peke yangu, nimefunika nyuma kwa shati, nikaona fimbo mbele yangu. Mzee alikuwa ameiokota ile namba, ameikung'uta vumbi na kuikunja vizuri.

"Mwanangu, kitambaa chako hiki," akasema. Hakuwa na kejeli hata kidogo, na mpaka leo ningefurahi kama angenitukana.

Yona hakucheza tena. Haukupita mwezi akahamisha familia Mkiwa, akafungua genge njia panda. Ubao niliushusha nikaufanya mlango wa banda la kuku, na mtu akija kuniuliza nani aanze katikati namjibu nenda kamuulize aliyewahi kucheza. Namba ninayo kwenye droo ya cherehani.

Mwaka jana basi la Singida lilisimama Mkiwa, nikashuka nikamkuta Yona kwenye genge lake, amepanga chupa za asali. Nikamwita jina. Nilikuwa nimetayarisha maneno miaka yote, nikaishia kuomba chupa moja. Akaifuta kwa kitambaa, akaifunga kwenye gazeti, akanipa na chenji yangu kamili.

"Karibu tena, mteja," akasema, akamgeukia mwingine.