Sanduku la Urefu Wangu

Harufu ya mbao iliyotoka kurandwa, ikichanganyika na ya grisi, hunifanya hadi leo niangalie mlango uko wapi. Wenzangu wakipita kwa seremala huvuta pumzi na kusema pananukia vizuri. Mimi huhesabu hatua za kutoka. Mnivumilie, nitawaeleza.

Tulikaa Rwamgasa, na baba alikuwa na Landrova kuukuu ya petroli aliyosombea mawe ya dhahabu kutoka mashimoni kwenda kwenye karasha, mashine ya kuyasagia. Ilikunywa mafuta kama iliyolaaniwa, na mwishowe ikafa. Baba na fundi Hamisi, mtu wa Kigoma mwenye gereji Geita mjini, wakashusha injini na giaboksi, wakalifunika gari turubai nyuma ya nyumba. Kumbe walikuwa wanapanga kulitia injini ya dizeli iliyotoka kwenye lori dogo. Baba hakumwambia mtu, hata mama. Aliamini jambo likitajwa kabla halijawa, ama jicho baya litaliharibu, ama msombaji mwenzake ataiwahi injini ile. Alishusha sauti hata alipoomba chumvi.

Nilikuwa na miaka tisa, na mtoto asiyepewa habari nyumbani hujitafutia. Mwaka ule mashimo mengi hayakutoa kitu, pamoja na lile ambalo baba alikuwa na sehemu yake. Bombani wanawake walisema yale yanayosemwa kila dhahabu inapokata: kwamba kuna mtu atatoa kafara, na kafara kubwa ni ya damu yako mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akamalizia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Kisha akanitwisha ndoo kwa upole ambao sikuupenda.

Ndipo nikaona kamba. Fundi Hamisi hakuamini tepu. Alisema tepu ya Geita na tepu ya Rwamgasa hazijawahi kukubaliana. Kwa hiyo aliipima ile injini, pamoja na giaboksi yake, kwa kamba ya katani, akapiga fundo la upana, la kimo na la urefu, akamkabidhi baba. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni baba akimpa kamba yenye mafundo Mzee Lushinge, seremala wetu, ambaye alitengeneza vitanda na majeneza na si kingine, na wote wawili wakanyamaza nilipotokea.

"Kabula, nenda ukacheze," baba alisema. Kisha akaniita tena. "Na usimwambie mtu."

Alipomaliza kwa seremala aliitia kamba ile kwenye koti lake, akalitundika msumarini. Nikaichomoa, nikakanyaga ncha yake kwa kisigino, nikaivuta juu. Fundo la mwisho lilikaa sawasawa na utosi wangu. Nikajipima tena nikiwa nimesimama kwa ncha za vidole, nikitumaini kuzidi.

Tangu hapo nilimchunga baba kwa macho. Aliniuliza kama nina homa. Nikajiuliza anataka kujua kwa nini. Aliniletea andazi bila sababu. Nikampa kuku, nikakaa kumtazama kuku.

Siku ya tatu nikashindwa, nikamwambia mama. Alikuwa anachagua mchele. Nilitegemea acheke, au anipige kofi na kuniita mjinga. Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

"Lilifika wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Kesho yake asubuhi tulikuwa ndani ya basi la Ushirombo, kwao mama, na baba ameachiwa ujumbe kwa jirani kwamba bibi mzaa mama anaumwa.

Baba alifika siku ya nne na dawa za malaria mfukoni. Akamkuta bibi anapalilia karanga.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa unaumwa."

"Marahaba. Na mimi ndiyo nasikia kwako."

Akamgeukia mama. Mama akamwambia yote kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo, bila kuangalia pembeni. Mimi nilikuwa nyuma ya mgongo wa bibi. Baba aliondoka hata maji hakunywa.

Alirudi baada ya siku mbili, na juu ya basi, kati ya magunia ya mihogo, palikuwa na sanduku alilotengeneza Mzee Lushinge. Alilibeba kichwani kutoka barabarani, watu wakimtazama, akalitua katikati ya uwanja. Halikuwa na kitako wala kifuniko. Lilikuwa fremu ya mbao nyembamba tu, unaona upande wa pili. Aliniita, nikasogea nikiwa nimeshika kanga ya bibi. Akapiga magoti vumbini, akanionyesha: hapa silinda hedi, hapa feni, huku nyuma giaboksi. Fremu inatangulia kuingizwa kwenye gari, wajue kama boneti itafunga na radieta isogezwe kiasi gani, kabla ya kuitoa injini yenyewe Geita. Alieleza mara mbili, na yule mtu wa kunong'ona alisema kwa sauti iliyovuka ua.

Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alimwambia.

Baba hakucheka. Alikuwa anamwangalia mama. "Na wewe ukaamini?"

"Sikuamini," mama alisema. "Ila sikuthubutu kungoja nione."

Injini iliingia, boneti ikafunga, na gari lile lilisomba mawe miaka mingi. Lakini baba alibadilika. Kila asubuhi alisimama mlangoni akatangaza anakwenda wapi, na nani, na atarudi na nini. Akinunua spana aliiweka mezani, akaeleza kazi yake. Majirani walisikia, na yule msombaji mwenzake pia. Sisi watoto tulisema uzee unamfanya msemaji. Nilikuwa hodari wa kumwigiza, na kila nilipomwigiza mama alitoka nje.

Nilikuwa nimeshazaa nilipoelewa. Haukuwa uzee. Baba yangu alikuwa anajitetea kila asubuhi mbele ya nyumba yake mwenyewe, kwa kosa ambalo hakulifanya na ambalo hakuna aliyelitaja tena, kwa sababu siku moja alirudi kutoka kazini akakuta mkewe na binti yake wamemkimbia. Na mimi nilikuwa namcheka.