Kisu cha Simu ya Mabatini

Teodora alikuwa na masikio ya kuogopwa. Miaka kumi na saba alikaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu mjini Mwanza, akichomeka waya huu kwenye tundu lile, Musoma kwa Bukoba, Bukoba kwa Dar es Salaam. Alisikia wakubwa wakilia na watumishi wa Mungu wakitukana. Alijua ni nani mjini anayedanganya kwa sauti nyembamba na nani kwa sauti nene, na hakumwambia mtu. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Aliapishwa, na kile kiapo kilikuja na mshahara.

Kisha ikafungwa mitambo inayojiunganisha yenyewe, na wakati huohuo ukavuma ule wimbo wa miaka ya tisini, kwamba serikali inajitoa kwenye biashara. Ilipojitoa ikamtoa na Teodora. Alipewa kiinua mgongo na barua ya shukrani yenye jina lake limekosewa. Wenzake waliopunguzwa naye walikimbilia kufuga kuku, kwa kuwa mtaalamu mmoja wa semina aliwaambia kuku hawana hasara. Mwaka mzima Mwanza ikawa inawika. Ugonjwa wa kideri ukapita, ikanyamaza.

Teodora hakununua kuku. Alivuta laini ya simu mpaka chumba chake cha mbele pale Mabatini, akagongesha kibanda cha plaiwudi chenye kioo pembeni, akaweka benchi la wateja, akafungua simu ya kulipia. Barazani alimkaribisha Apiyo, mama wa Kiluo kutoka Shirati aliyekaanga mapanki. Samaki wenyewe, yaani minofu, walikuwa wanapanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa na vichwa vikabaki huku na kupewa jina, na Apiyo alijua kuvikaanga hata mtu akasahau kwamba anakula kilichokataliwa na Wazungu. Alijua pia habari za kila nyumba kuanzia pale hadi Igoma. Ukitaka jambo lako lisijulikane, ungefanya vizuri kutozaliwa karibu na Apiyo.

Sasa, Teodora mwenyewe alikuwa na siri moja, na ilikuwa kubwa kuliko nyumba yake. Mumewe Masalu, fundi wa vinu vya mpunga, alikwenda Kahama mwaka tisini na moja kufunga mashine kwa wiki tatu. Huko akapata mwanamke, kisha mtoto, kisha wa pili, na hakurudi. Majirani wakimuuliza, Teodora husema, "Baba Suzana yuko safarini, anafunga mashine." Alisema hivyo wiki ya nne, akasema hivyo mwaka wa pili, na sasa mwaka wa sita alikuwa bado anasema hivyo bila kupepesa macho. Angeweza kuvumilia kuachwa. Asichoweza ni kuonewa huruma, hasa na kaka yake Ngosha wa Usagara, ambaye alimkataa Masalu tangu siku ya kwanza na kusema yule mtu ana miguu ya kuondoka.

Kwa hiyo alijua thamani ya siri, na aliwapa wateja wake kile alichokitaka kwa ajili yake. Shida ilikuwa ni plaiwudi. Mtu wa Mabatini akipiga simu Dar es Salaam hupaza sauti kulingana na umbali, na plaiwudi haizuii mtu aliyekusudia kusikika Dar es Salaam. Teodora akanunua redio kaseti kubwa, akaiweka juu ya kibanda, akawa anaifungulia kila mteja akiingia. Rumba ikipigwa, waliokaa kwenye benchi waliona mdomo wa mtu ukichezacheza nyuma ya kioo na hawakupata hata silabi moja. Wateja walifurahi. Apiyo aliumia.

Jambo moja hakulifikiria, na aibu ni kwamba mtu wa simu angepaswa kulifikiria. Redio ilikula umeme wa ukutani. Simu haili umeme wa ukutani. Inalishwa na betri za kituoni, umeme uwepo usiwepo. Na miaka ile ya mgao, umeme ulikuwa unaondoka bila kuaga.

Aliyefunzwa somo hilo alikuwa Mwalimu Shigela, mwalimu wa kwaya, mtu mnyoofu kiasi kwamba hata koti lake lilikuwa limepigwa pasi kwa ndani. Siku hiyo alikuwa kibandani anaongea na mganga mmoja wa mbali. Rumba ilikuwa juu. Umeme ukakatika, redio ikafa katikati ya gitaa, na katika ukimya ule benchi zima likasikia: "Wale wa kwaya ya Buswelu nataka wakauke sauti kabisa! Hasa yule mama mnene wa sauti ya kwanza, huyo umkaushe peke yake!"

Alipotoka, kila mtu alikuwa anatazama juu. Apiyo tayari alikuwa anafunga kanga vizuri ili atembee. Kabla umeme haujarudi habari ilishafika Buswelu, na Jumapili ile mama wa sauti ya kwanza aliimba kwa hasira mpaka vioo vya kanisa vikatetemeka. Shigela akahamia dhehebu lingine. Wateja nao wakahamia simu ya kulipia ya mtaa wa pili, na Teodora akakaa wiki mbili na kaseti zake.

Betri hazikufaa, maana redio ile ilimeza nane kubwa kwa siku mbili. Ndipo alipomwendea Josephat, fundi redio wa jirani, akamweleza anachotaka: umeme ukiondoka, simu nayo iondoke papo hapo, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Josephat alikuna kichwa. "Watu wanataka simu isikatike, Mama Suzana. Wewe unanilipa niikate?"

"Ndiyo. Afadhali mtu akose neno moja kuliko kuvuliwa nguo mbele ya benchi."

Josephat akamtengenezea kitu kidogo chenye sumaku ya umeme. Umeme ukiwapo, sumaku ilivuta kipande cha chuma na waya wa simu ukashikana. Umeme ukizimika, chuma kilianguka, tak, na simu ikafa pamoja na redio. Watu wakakiita kisu. Mwanzoni walilalamika, maana mtu angekatwa akiwa kwenye "nakupen—" na kulazimika kurudi kesho yake kumalizia. Lakini walirudi. Hata wale wa mtaa wa pili walirudi, kila mmoja akijifanya amepita tu.

Malalamiko ya kweli yalikuja kwa wenye misiba. Mtu anatangaza kifo cha baba, anaeleza basi gani na maziko lini, tak. Hapo Teodora aliona wana haki. Msiba hauna siri; msiba unapigiwa kelele ili watu waje. Josephat akaongeza swichi nyekundu chini ya meza. Ukiibonyeza, waya uliunganishwa moja kwa moja na kisu hakikuwa na kazi. Waliiita swichi ya msiba.

Mwezi wa tisa, mwaka tisini na saba, Suzana, binti wa pekee wa Teodora, akachumbiwa na kijana Yakobo. Mshenga wa upande wa Yakobo, mzee wa Kisukuma mwenye adabu nyingi na maswali mengi, aliuliza mara mbili baba wa binti yuko wapi. Mara mbili akajibiwa yuko safarini. Mara ya tatu akasema, kwa upole uleule, kwamba ng'ombe wataletwa Jumamosi na wao wangependa kumkabidhi baba kwa mkono wake, na kama baba hayupo basi mtu wa ukoo wa mama anayejua sababu ya kutokuwapo kwake. Mtu huyo angekuwa Ngosha. Kumwita Ngosha ni kumwambia. Teodora alilala siku tatu akiligeuza jambo hilo, na mwisho akaona ni heri amwombe Masalu aje siku moja tu, akae kwenye kiti, apokee kamba ya ng'ombe, ale, aondoke.

Masalu alipatikana kwenye simu ya ofisi ya kinu, saa nane mchana tu, mlinzi akienda kumwita. Alhamisi hiyo, saa saba na nusu, aliingia Mzee Otuoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimefiwa. Nahitaji Tarime."

Teodora alimpa pole, akabonyeza swichi nyekundu, akamuunganishia. Mzee aliongea kwa sauti yake yote, benchi likainamisha vichwa, akamaliza, akarudi kukaa kusubiri apigiwe kutoka huko. Saa ya ofisi ya kinu ikawa imefika. Teodora akafungua rumba hadi mwisho, akaingia kibandani mwenyewe, akafunga mlango. Swichi nyekundu akaiacha imebonyezwa vilevile. Mwanamke aliyeapishwa, aliyekaa na nyaya miaka kumi na saba.

Masalu alikuja kwenye simu akitafuna. Alisema Jumamosi ana shughuli. Alisema nauli imepanda. Kisha akauliza kama katika wale ng'ombe fungu la baba litatumwa Kahama, na hapo Teodora, ambaye alikuwa amejipanga kubembeleza, alisahau alichojipangia. Hakusikia redio ikizimika, kwa kuwa damu ilikuwa inampigia masikioni.

"Miaka sita umelala kwa huyo mwanamke wako, Masalu! Miaka sita nawaambia watu uko safarini! Sikuombi hela, sikuombi mapenzi. Nakuomba ukae kwenye kiti siku moja, mwanao asiaibike. Ukishashiba urudi kwake, nitakufungia na chakula cha njiani!"

Ndipo aliposikia mbuzi akilia nje. Mbuzi hasikiki kwenye rumba. Aliangalia taa, ikawa imezimika. Alisikiliza simu, na Masalu alikuwa bado yumo, bado anatafuna. Teodora akaweka mkono wa simu taratibu. Alisimama mle ndani akiona aibu, akatamani plaiwudi imfunike.

Lakini kibanda hakikuwa na mlango wa nyuma. Akatoka.

Watu sita walikuwa kwenye benchi. Hakuna aliyetazama juu. Walikuwa wanamtazama yeye, na Mzee Otuoma alisogea kumpa nafasi akae. Apiyo alikuwa amesimama mlangoni na kijiko cha kukaangia mkononi, mafuta yanadondoka sakafuni. Teodora alimtazama Apiyo, kwa sababu hukumu ilikuwa kwake.

"Haya," alisema. "Nenda. Igoma wanakusubiri."

"Niende kusema nini?"

"Ulichosikia."

Apiyo alifikiri. "Nimesikia kwamba Masalu amekuacha. Sasa hiyo nikiipeleka Igoma si watanicheka, mwenzangu? Watasema Apiyo amezeeka, analeta habari za mwaka tisini na moja."

Teodora alikaa. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alipata kitu cha kukwangua kwenye kiatu.

"Mlijua."

"Mashine ya mpunga, mama," alisema Mzee Otuoma, mpole kabisa, "haifungwi miaka sita."

"Na hamkusema."

"Ulikuwa hutaki," alisema Apiyo. "Mtu akikwambia mumewe yuko safarini, unamwambia arudi salama. Utamwambia nini kingine? Unadhani mimi sina adabu?"

Hilo la mwisho likawarudisha watu kwenye viatu vyao. Teodora alihisi hasira kwanza, miaka sita yote ya kujikaza bure, kisha akahisi kitu kingine kikipanda chini ya hasira, akajifuta macho kwa ncha ya kanga na hakujali nani anaona. Watu hawa walikuwa wamemlinda kwa miaka sita, na hawakumtoza hata senti.

"Sasa Jumamosi nani anakaa kwenye kiti?" Apiyo aliuliza. "Una kaka, huna?"

"Ninaye Usagara. Atanisema mpaka nikome."

"Akuseme. Simu si inafanya kazi?"

Ilikuwa inafanya kazi. Teodora alinyanyuka, hakufunga mlango wa kibanda, akapiga simu ya ghala la pamba la Usagara ambako Ngosha alikuwa mtunza stoo. Alingoja aitwe. Benchi lote lilingoja naye.

"Kaka, shikamoo. Ni mimi. Sikiliza, nikinyamaza sitaweza tena. Masalu hayuko safarini. Aliniacha, huu mwaka wa sita, ana watoto wawili Kahama. Nilikuwa naona haya kukwambia. Jumamosi ng'ombe wa Suzana wanakuja na sina mtu wa kuwapokea."

Hapohapo umeme ukarudi, na redio ikalipuka juu ya kichwa chake.

"Zima hiyo," Apiyo alimwambia aliyekuwa karibu. "Hatusikii."

Ikazimwa. Teodora alifumba macho akingoja yale ya miguu ya kuondoka, akingoja "nilikwambia". Ngosha alikohoa. Kisha akauliza ng'ombe wanafika saa ngapi, maana yeye angetaka awe ameshakaa kabla hawajafika.

"Saa nne," alisema Teodora, na sauti ikamkatika, ikabidi arudie. "Saa nne asubuhi, kaka."